Jinsi ya Kufuga Mzimu kwenye Vipimo Vyako

Mafundi wanaopenda ukweli wapite tu, huu si mwongozo wao. Huu ni wako wewe uliyenunua kihisi cha mtetemo, ukakifunga ubavuni mwa jenereta ya ofisi, na sasa unataka ripoti yenye grafu za kupendeza, hata kama yanayoonekana humo hayajapata kutokea.

Anza na kasi ya sampuli. Jenereta ya hezi 50 yenye ncha nne za sumaku huzunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Mwaka 1949 Claude Shannon alikwisha kueleza kwamba sampuli ziwe zaidi ya maradufu ya masafa ya juu kabisa yaliyomo kwenye wimbi. Mwache mzee wa watu na hesabu zake. Wewe chukua sampuli 26 kwa sekunde, nayo grafu itaonyesha mtetemo wa hezi 1, wa taratibu, kama mashine inakoroma. Ukichukua 25 kamili ni raha zaidi: kila sampuli inaangukia palepale kwenye mzunguko, mstari unanyooka, mtetemo umekwisha. Jenereta imepona bila spana! Dai posho.

Sasa kichujio cha analojia, kile kinachokaa kabla ya kigeuzi cha dijitali. Waliobuni CD walichagua sampuli 44,100 kwa sekunde ilhali sikio huishia kwenye hezi 20,000 hivi. Hiyo ziada juu ya 40,000 ni nafasi ya kichujio kushuka, maana hakuna kinachokata ghafla. Anasa hizo! Wewe unganisha rezista ya kiloomu 1.6 na kapasita ya nanofaradi 100, upate mpaka wa hezi 1,000, kisha chukua sampuli 2,000. Wimbi la hezi 1,900 litapenya na karibu nusu ya kimo chake, na likishafika ndani litajiita hezi 100. Hizo ni mara nne kamili ya mzunguko wa jenereta yako. Mtu atafungua beringi nzima kwa ajili yake.

Jihadhari na yule mwenzako mharibifu, mwenye opampu mbili na kichujio cha daraja la nne. Mpaka wake ni uleule wa hezi 1,000, lakini wimbi la hezi 5,600 linabaki na takriban moja ya elfu tu. Akichukua sampuli 7,000, mizimu yako haina pa kulala.

Ukibanwa, ahidi kwamba utachuja baadaye kwa programu. Ni ahadi tamu isiyoweza kutimizwa: baada ya sampuli, hezi 100 za uongo na hezi 100 za kweli ni tarakimu zilezile, na programu itazifuta zote au itaziacha zote.

Hatari imebaki moja. Mtu akipandisha sampuli kutoka 2,000 hadi 2,100, mtetemo wa kweli wa hezi 100 utabaki 100, ila wako utahamia 200 mbele ya kila mtu. Kwa hiyo ukimwona bosi anasogelea kitufe hicho, wahi uzime jenereta.