Dirisha Moja Tu, Tafadhali

Mafundi wa tovuti za tiketi za ndege wapewe maua yao. Wanatukataza dirisha la pili la kivinjari kama mwenye nyumba anavyomkataza mpangaji wageni. Sisi wateja nasi tuna tabia mbaya: tunalinganisha bei. Dirisha hili ndege ya asubuhi, lile ya usiku. Ukiridhika na ya asubuhi ukabonyeza "Lipa", unaletewa tiketi ya usiku, jina lako limeandikwa vizuri kabisa, na pesa hairudi.

Chanzo ni hiki: itifaki ya HTTP, ambayo kivinjari huitumia kuzungumza na seva ya tovuti, haina kumbukumbu. Kila ombi hulipokea kana kwamba haijawahi kukuona. Mwaka 1994 Lou Montulli, akiwa Netscape, akabuni vidakuzi (cookies), alama ndogo ambazo kivinjari huzibeba kila kinaporudi, ili seva imtambue mteja. Mteja, jamani, si dirisha lake! Madirisha ya kivinjari kimoja kwa kawaida hubeba kidakuzi kilekile, kwa hiyo fundi akiihifadhi "safari iliyochaguliwa" kwenye seva chini ya kidakuzi hicho, chaguo la mwisho ndilo linalotawala kote.

Dawa ni ya siku nyingi: namba ya safari ikae ndani ya fomu ya ukurasa wenyewe, iende pamoja na kitufe kinapobonyezwa. Vivinjari navyo vina hifadhi ambayo kila kichupo hupewa yake. Lakini hiyo ni kazi. Kuandika kwa rangi nyekundu "Usifungue dirisha jingine, usirudi nyuma, usibonyeze mara mbili" ni dakika moja tu, na mteja akilia, si alionywa?