Bofya Tu, Eti

Waandishi wa matangazo ya programu za kukwangua data mtandaoni wana roho ngumu. "Huhitaji kujua programu. Bofya tu!" Shemeji yangu, anayetaka kuagiza Toyota IST kutoka Japani, aliyasoma maneno hayo akayaamini, kisha akaniletea mimi kazi.

"Shem, si wewe mtu wa kompyuta? Nitolee bei zote za IST, uzitie kwenye Excel, nilinganishe."

Utu wangu wa kompyuta ni huu wa kuchapa safu hii. Lakini shemeji hakataliwi.

Ukielezwa, kazi ni tamu. Chukua SelectorGadget, ya bure kabisa: unabofya bei ya gari la kwanza, inageuka kijani. Programu inakisia ulichotaka na kupaka njano kila inachoona kinafanana nacho. Ikizidisha, unabofya usichokitaka, kinageuka chekundu, nayo inakisia upya. Mtoto anaweza.

Niliyoitumia mimi, ambayo jina lake nalihifadhi, ilipaka bei zote. Ikapaka na kilometa, ukubwa wa injini na namba ya simu ya muuzaji. Nikazikataa kilometa, zikaondoka zimefuatana na nusu ya bei. Nikabembeleza, nikatukana kidogo, mwishowe jedwali likatoka: IST ya mwaka 2005, dola 87,000.

"Hizo si kilometa, Shem?"

"Ni kilometa. Iambie kompyuta."

Halafu kuna bei ya FOB, ya gari likiwa bado bandarini Japani, na bei ya CIF, iliyoongezwa bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam. Zimekaa jirani, mwandiko mmoja, rangi moja. Jedwali langu lilizichanganya bila aibu, likaongeza na bei ya zamani iliyokwisha kupigwa mstari, na magari yaliyouzwa kitambo.

Vijana wanaojua mambo haya wamenieleza ugonjwa. Sisi tunaona bei. Kivinjari kinaona visanduku ndani ya visanduku, kila kimoja na jina lake. Zamani fundi alikipa kisanduku cha bei jina linaloeleweka. Siku hizi kwenye tovuti nyingi majina hayo yanatungwa na mashine, mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiotamkika, na tovuti ikifanyiwa marekebisho yanatungwa mengine. Bei umeiona kwa macho yako, iko palepale ilipokuwa jana, lakini programu yako inarudi mikono mitupu.

Dawa yake, wakasema, bonyeza F12. Basi bonyeza uone! Linafunguka dirisha la mafundi. Mwaka 2006 Joe Hewitt aliwatengenezea Firebug ndani ya Firefox, wakaweza kugusa sehemu yoyote ya ukurasa na kuona imejengwaje, na vivinjari vyote vikubwa leo vina dirisha la namna hiyo. Mafundi wana haki ya kufurahi. Ila kiendelezi kimoja mashuhuri cha kukwangua data, kinachonadiwa kwa sisi tusiojua programu, kimewekwa humohumo ndani. Ni sawa na kumwambia abiria tiketi zinakatwa chini ya boneti. Ukikipata, kinakuuliza kuhusu selekta za CSS.

Nilipoanza kuelewa, tovuti ikanishuku. Nithibitishe kwamba mimi si roboti! Nichague picha zote zenye bomba la zimamoto, lile fupi la mitaa ya Marekani. Mimi wa Buguruni, bomba ninalolijua ni la maji, nalo halitoi.

Na programu zilizokuwa rahisi kweli hazidumu. Yahoo Pipes, iliyoanza 2007, ulikuwa ukiunganisha visanduku kwa mistari na habari zinatiririka, ikafungwa 2015. Kimono, ambayo wengi waliisifu kwa kubofya tu, ilinunuliwa na Palantir mapema 2016, na huduma yake ikazimwa. Ukishazoea, wanahama na vyombo vyao.

Kimoja nakisifu bila kulipwa: Google Sheets. Andika IMPORTHTML, anwani ya ukurasa, neno "table" na namba ya jedwali, na kama ukurasa una jedwali la kweli, linakuja lilivyo. Ligi, viwango vya fedha, idadi ya watu. Lakini wauzaji wa magari hawapangi jedwali. Wanapanga vijisanduku vyenye picha, na vingine havijitokezi mpaka uteremke chini ya ukurasa.

Ndiyo maana hasira zangu zimehama kutoka kwa watengeneza programu hadi kwa wenye tovuti. Hizo bei ninazozikwangua kwa kucha tayari mnazo kwenye jedwali safi ndani ya kompyuta zenu; hapa mbele mmezitawanya kwa urembo tu. Nanyi wenye ofisi za umma mnaopiga picha karatasi za takwimu na kuziita PDF, msijifiche nyuma ya wauza magari. Tuwekeeni kitufe kimoja pembeni, kimeandikwa "Pakua Excel". Hicho shemeji yangu atakibofya mwenyewe.