Msamaria Bado Namngoja

Watoto wa ploti yetu wamekariri Luka 10 mpaka punda wa Msamaria Mwema nahisi wanamjua rangi. Jumapili wakitoka kanisani wananitajia wote waliompita yule majeruhi. Jumatatu mtungi wangu wa maji unanishinda pale langoni, na hao hao wananipita mmoja mmoja: kuhani mbele, Mlawi nyuma. Msamaria bado namngoja.

Siwalaumu. Wazazi wao ndio wale wanaoshtakiana kwa mwenye nyumba kwa ajili ya kamba ya nguo.

Tena wanafundishwa nusu. Wanaambiwa amri ya kumpenda jirani ilianza na Yesu. Ilianza wapi! Imo katika Mambo ya Walawi 19:18, kitabu tunachokipitia mbio kwa sababu ya ile orodha ya wanyama wasioliwa. Yesu alikuwa Myahudi, aliikuta kwao. Sura hiyo hiyo inamkataza mkulima kuvuna hadi pembe za shamba, ili maskini na mgeni wapate. Kwetu mgeni huachiwa bili ya maji.

Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, nayo inasimulia kuhusu mtu aliyemtaka mwalimu Hillel amfundishe Torati yote huku yeye amesimama kwa mguu mmoja. Mzee akamwambia asimtendee mwenzake lile analolichukia mwenyewe. Mengine ni maelezo, aende akasome. Mkutano wetu kuhusu takataka ulikula alasiri nzima, miguu yote miwili chini, na takataka zipo palepale.

Sikukuu ya Purimu, Wayahudi hupelekeana vyakula, angalau vya aina mbili, na mara nyingi watoto ndio wapelekaji. Hilo ndilo somo! Sisi nasi tuna desturi kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Yangu ya Krismasi haijarudi kabisa.

Na msiniambie hayo ya Kiyahudi ni ya Wazungu. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, Wayahudi tangu enzi za mwanzilishi wao Semei Kakungulu, mwaka 1919. Mwaka 2004 waliunda ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, pamoja na majirani Wakristo na Waislamu. Mtoto wa huko anaona heshima ikifanya kazi, haisikii mimbarini tu.

Basi wazazi, punguzeni mashindano ya kukariri. Mpeni mtoto chapati ampelekee jirani, awe wa dini yenu au asiwe. Na nyinyi wenyewe rudisheni sahani za watu.