Safu ya Ushauri: Ndoa ya Wufa na Amplifaya

Malalamiko yanayoifikia safu hii kutoka Thika na Ruiru kwa kawaida huhusu mapenzi, lakini ya mwezi huu yanahusu ndoa yenye masharti makali zaidi, yaani ile ya wufa, spika kubwa itoayo besi, na amplifaya, kifaa kinachoukuza umeme wa muziki kabla haujafika kwenye spika. Sharti kuu la ndoa hiyo ni ukinzani, ambao ni kiasi ambacho koili ya spika huuzuia umeme usipite, nao hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Georg Simon Ohm, mwanafizikia wa Ujerumani aliyeichapisha kanuni yake mwaka 1827. Ukinzani ukipungua, umeme unaopita huongezeka, na amplifaya huzidi kubebeshwa mzigo hadi ishindwe.

Swali la kwanza. “Aliyeachwa” wa Kamakis, Ruiru, anaeleza kwamba alifungiwa wufa mbili ndani ya gari lake aina ya Probox, lakini kila besi inapopanda amplifaya huwasha taa nyekundu na kunyamaza, na kwamba mchumba wake, aliyechoshwa na harufu ya kuungua, alishuka Kihunguro na hajarudi. Anauliza kosa ni la nani.

Jibu. Mchumba hana kosa. Kila wufa ya muulizaji ina koili mbili za omu 4, na fundi aliziunganisha koili zote nne sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, mpango unaougawa ukinzani kwa idadi ya koili na kubakiza omu 1, ilhali amplifaya imeandikwa wazi kwamba haivumilii chini ya omu 2. Taa nyekundu ni kinga inayokizima kifaa kabla hakijaungua. Tiba ni kuunganisha koili za kila wufa kwa mfuatano, yaani chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, ili zijumlishwe kuwa omu 8, kisha wufa hizo mbili ziwekwe sambamba zitoe omu 4, ambazo amplifaya itazimudu ingawa itatoa wati chache zaidi. Omu 2 kamili hazipatikani kutokana na wufa hizi koili zote nne zikitumika, fundi azipange atakavyo; zingehitaji, kwa mfano, wufa mbili zenye koili mbili za omu 2 kila moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hesabu hii ilipaswa kufanywa dukani. Kuhusu mchumba, hakuna fomula.

Swali la pili. “Mama Nganya” wa Makongeni, Thika, mwenye matatu ya abiria 33, anaripoti kwamba tangu muziki ufungwe betri moja huamka imekufa huku nyingine ikichemka, naye anashuku kwamba makanga aliyefutwa kazi ameliroga gari.

Jibu. Makanga huyo aombwe radhi. Matatu nyingi za ukubwa huo, zilizojengwa juu ya chesi za lori, hutumia volti 24 zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, ilhali amplifaya za magari kwa kawaida hutaka volti 12, na ndiyo maana fundi mwenye haraka huchukua umeme kutoka betri moja tu. Alteneta, ambayo huzichaji betri zote mbili kana kwamba ni moja, haiwezi kujua kwamba moja imenyonywa, hivyo hiyo hubaki na njaa na mwenzake hushiba kupita kiasi. Dawa ni kigeuzi cha kushusha volti 24 hadi 12, chenye uwezo unaolingana na mzigo, kwa maana amplifaya inayotoa wati 1,000 halisi huweza kuvuta takriban ampia 90, na kigeuzi cha ampia 30 kitaungua kabla gari halijafika Juja.

Swali la tatu. “Abiria Mtulivu” wa Kimbo anauliza iwapo ni kweli kwamba kushusha omu kutoka 4 hadi 2 huongeza kelele maradufu, kama anavyojigamba dereva wake.

Jibu. Dereva amechanganya wati na masikio. Hata amplifaya ikifaulu kutoa wati maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 pekee, ilhali sikio huhitaji takriban desibeli 10 ndipo lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, kwa hiyo amplifaya huteswa kwa faida ndogo mno. Akiendelea kubisha, akumbushwe kwamba kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo hukataza kelele kubwa inayowasumbua wengine.

Wasomaji wote wanahimizwa kuipima mizunguko yao kwa mita kabla ya kuiunganisha na amplifaya, wakijua kwamba koili ya omu 4 mara nyingi husomeka kati ya omu 3 na 4, na kwamba mita ikisoma karibu na omu 1 pale palipotarajiwa 4, amplifaya isiwashwe mpaka fundi arudi.