Plagi ya Nne

Wahandisi wa pikipiki wako wa aina mbili. Kuna anayejua kwamba chombo chake siku moja kitaharibika, na kuna asiyekubali jambo hilo hata kidogo. Wa kwanza huweka plagi mahali unapoiona ukiwa umesimama wima, mikono kiunoni. Wa pili huificha chini ya tangi, nyuma ya rejeta, katikati ya mipira ya maji, kisha huenda zake kula chakula cha mchana na roho yake imetulia.

Pikipiki yangu ni kazi ya huyu wa pili. Kampuni siitaji, maana bado napanda chombo chao na sitaki kinisikie. Ni ya Kijapani, niliinunua mtumba kwa mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake Dar es Salaam na alikuwa akifunga mizigo. Ukubwa wake ni karibu cc 600, silinda mbili zimepangwa kwa umbo la V, moja imeegemea mbele na nyingine nyuma, na kila silinda ina plagi mbili. Sababu ya mbili ni ya kisomi wala siipingi: cheche zikiruka sehemu mbili kwa mpigo, petroli na hewa huungua upesi na kuungua zote, nguvu inaongezeka na moshi unapungua. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye karatasi hakuna mtu aliyeingiza mkono.

Wa aina ya kwanza nao wapo, tuwape haki yao. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, pikipiki iliyofikiriwa makusudi kwa nchi ambako chombo hupakia gunia, mama na watoto wawili, na sevisi hukumbukwa siku kinapogoma. Silinda moja, plagi moja, imejitokeza ubavuni haina cha kuficha. Viwanda vya China vikaiga injini ile, na uzao wake ndio unaounguruma ndani ya bodaboda nyingi tunazopanda. Pale kijiweni kwetu nimemwona dereva akibadilisha plagi huku abiria amekaa siti ya nyuma akigombana na mtu kwenye simu. Abiria hakushuka. Alipomaliza ugomvi, pikipiki ilishawaka.

Yangu ilianza kumisi kupanda Kimara. Haikuzima, na hapo ndipo penye uchawi wa plagi mbili: moja ikifa, mwenzake anaibeba silinda, injini inakwenda kwa kukohoa tu. Mwenye mali anaweza kuambiwa petroli ni chafu, akaamini, akazunguka nayo mwaka mzima. Jirani yangu, Mzee mmoja mstaafu wa reli, aliisikiliza akiwa kibarazani kwake na kutoa hukumu bila kuvua miwani. “Baba Neema, hiyo ni plagi.”

“Risiti inasema zilibadilishwa zote, Mzee.”

“Injini haisomi risiti.”

Nikaenda Kariakoo. Plagi inayotakiwa imeandikwa DPR8EA-9, na maandishi yale si mapambo. D inataja kipenyo cha nyuzi, milimita 12. 8 ni kiwango chake cha joto. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Ile 9 ya mwisho ni mwanya wa cheche, milimita 0.9. R inasema ndani yake kuna kizuizi cha umeme ili cheche zisiingilie redio. Niliyasoma haya yote kwa sauti mbele ya muuzaji. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akanipa plagi nyingine kabisa, ya bodaboda. “Chukua hii, bosi, zinaingiliana.” Kweli nyuzi zinaingiliana, ila R haimo, na Mzee jirani yangu asubuhi hawezi kunywa chai bila redio. Nikaomba zenye R. Zikaja nne kutoka kwenye visanduku vitatu vya rangi tofauti kidogo. Nikauliza kama ni orijino. Akauliza ninataka orijino ya wapi.

Kazi ikaanza Jumamosi, injini ikiwa baridi. Hapo hakuna mjadala: kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, ukilazimisha plagi kutoka ikiwa moto unaweza kutoka nayo pamoja na nyuzi. Zikatoka siti na makava ya ubavuni, na skrubu nikazigawa kwenye vikombe vya kahawa vya mama mwenye nyumba. Likafuata tangi. Nilikuwa nimelijaza siku iliyotangulia, lita kumi na kitu, na tangi lililojaa halina mahali pa kuwekwa duniani. Uani kuna jua kali. Jikoni kuna mkaa. Kibarazani kuna kuku. Likaenda sebuleni, likakalishwa kwenye kochi, juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono.

Jumamosi hiyo jumuiya ilikuwa kwetu.

Mama Neema alikuwa amelisema hilo wiki nzima. Lilikuwa limeandikwa hadi kwenye friji. Wanajumuiya wakaingia, wakasalimia, wakakaa. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye heshima zake, alijikuta kochi moja na tangi. Hakuuliza kitu. Alilisogelea kidogo ili wengine wapate nafasi, akafungua kitabu chake, na muda wa maombi ya pamoja ulipofika akawaombea wagonjwa, wasafiri, na “vyombo vyote vya moto vilivyofunguliwa katika nyumba hii.” Mishumaa haikuwashwa. Nilimsikia mke wangu akijibu “twakuomba utusikie” kwa sauti ambayo najua ilikuwa inanilenga mimi huko uani.

Plagi tatu za kwanza hazina hadithi ndefu. Nilipuliza mashimo yake kwanza kwa pampu ya baiskeli ya mtoto, maana mchanga ukidondokea ndani ya silinda unakula kuta zake. Ukatoka mchanga, yakatoka madongo ya nyigu aliyekuwa amejenga humo, ikatoka skrubu ambayo haikuwa ya pikipiki ile. Kisha spana namba 18, plagi nje. Rangi ya kahawia hafifu, ambayo ndiyo rangi ya afya: nyeusi yenye masizi ingesema petroli imezidi, nyeupe ingesema injini inachemka kupita kiasi.

Mzee alikuwa ameshavuka ukuta na kiti chake. Alitaka kuhakikisha mwanya. Geji ya kupimia hatukuwa nayo, akatoa kadi ya benki ya pensheni na kuichomeka katikati ya ncha. Kadi za benki duniani kote zina unene wa milimita 0.76. “Inapwaya,” akasema Mzee. Kwa pensheni, akaongeza, hilo ni jambo la kawaida.

Ya nne ilikuwa silinda ya mbele, upande wa ndani. Ukilala chali na kuangalia kwa tochi unaiona kofia yake, nyeusi, imekaa kama mwenye nyumba aliyesikia hodi akaamua kunyamaza. Ukipitisha mkono, spana haipiti. Ukipitisha spana, mkono unabaki nje. Spana ya T inagonga fremu kabla haijashika. Soketi na mkono wake mfupi inashika, lakini haina mahali pa kuzungukia. Pikipiki ya namna hii hutoka kiwandani na spana yake maalumu chini ya siti. Chini ya siti yangu nilikuta kitambaa na tiketi ya feri.

Nikatuma mtoto kijiweni amwite fundi. Akaja kijana mmoja na mkoba wa kiroba, akamwamkia Mzee shikamoo, akalala chini, akachungulia, akacheka peke yake. Halafu akatoa spana ya bomba, ile ya bodaboda. Plagi za bodaboda zile za nasaba ya CG125 nazo zinafunguliwa kwa namba 18, kwa hiyo chombo cha kuokoa pikipiki yangu kilikuwa kijiweni siku zote kwa bei ya sahani ya wali. Akaikata kwa msumeno ikabaki kipande kifupi, akapitisha msumari mnene kwenye tundu zake, akaanza kuzungusha. Kila mzunguko unaisogeza plagi milimita 1.25, na nyuzi zina milimita 19; ni kama mizunguko 15, na mle ndani msumari ulipata nafasi ya kwenda robo kwa wakati mmoja. Wanajumuiya walikuwa wameshafika kwenye chai. Mwenyekiti alitoka na kikombe, akasimama nyuma yetu.

Ilitoka. Wenzake watatu walikuwa chapa moja na hawajachoka. Hii ilikuwa chapa nyingine, ncha yake imeliwa hadi imekuwa mviringo, na ganda lake limeota kutu ya miaka. Tangu kiwandani haikuwahi kuguswa. Kila fundi aliyepita alibadilisha tatu, akafika hapa, akaangalia kushoto na kulia, akarudisha makava na kuandika “plagi 4” kwenye risiti. Ninazo risiti zote. Mzee alizipitia moja moja kwa furaha ambayo haikumstahili mtu wa umri wake.

Kuweka mpya kulikuwa na ufundi wake. Kijana alikata kipande cha mpira wa petroli, akakivisha kichwani mwa plagi, akaishusha shimoni na kuuzungusha mpira kwa vidole. Plagi ikienda upande, mpira unateleza na nyuzi za aluminiamu zinabaki salama. Ukilazimisha kwa spana hutajua mpaka umeshaziharibu, na hapo kichwa cha silinda kinakwenda kwa mchongaji. Ilipokaa, akaongeza nusu mzunguko kwa spana.

“Kaza!” akasema Mzee.

“Mzee, hii siyo reli.”

Iliwaka kwa mguso wa kwanza, ikatulia, haikukohoa. Tangi liliacha harufu kwenye kochi na kitambaa kimefuliwa bila mafanikio. Skrubu mbili zimebaki kwenye kikombe cha kahawa. Nimezitafutia mahali, sijapaona.

Kitabu cha mtengenezaji kinataka plagi zote nne zibadilishwe kila kilomita 12,000. Kwa hiyo pikipiki inauzwa. Bei maelewano, na ile spana fupi mnunuzi atapewa bure.