Binamu, Suti Iache Magomeni

Berlin, Jumapili usiku

Binamu,

Mimi mzima, mwenye kutia wasiwasi ni wewe. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu ya jogoo. Unasema visa ikitoka tu unakuja Berlin kula bata, fundi yuko kwenye suti ya bluu, viatu vyeupe vya ncha umeshavilipia, na ukifika unataka meza ya mbele, chupa inayoletwa na fataki, na picha za kuwatumia wote waliosema hutafika popote. Nimeona nikuandikie kabla fundi hajafika kwenye vifungo.

Tuanze na saa. Wewe saa nne usiku ndiyo unaanza kupulizia manukato. Hapa saa nne usiku ni saa ya sheria: toka hapo mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kelele za nyumbani kwako zisitoke nje ya mlango. Mama mmoja wa ghorofa ya chini alinipandia ngazi, mpole kabisa, kunijulisha kwamba nasonga ugali kwa nguvu. Jumapili ndiyo usiseme. Hutoboi ukuta, na chupa tupu hupeleki kwenye pipa la vioo, maana zitalia. Sasa katika mji huohuo, binamu, kuna kumbi zinazofungua Jumamosi usiku na kufunga Jumatatu asubuhi. Watu wanalala usingizi wao, wanaamka Jumapili, wanakunywa chai, wanaweka ndizi mkobani, halafu ndiyo wanakwenda disko. Nimewaona kwa macho yangu. Mwanzoni nilidhani wanakwenda kanisani, ila kwa zile nguo nikasita.

Kisa cha kutofunga ni chupa ya wiski. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji huu uligawanywa na majeshi manne, na upande wa Mashariki na wa Magharibi ukawa unavutana kwa kila kitu, hata saa ya kufunga baa. Mwaka 1949 mwenye hoteli mmoja, Heinz Zellermayer, alimwendea kamanda wa Kimarekani, Frank Howley, na hoja zake na wiski yake mkononi, kumweleza kwamba amri ya kufunga mapema haina maana. Kamanda alielewa. Amri ikafutwa upande wa Magharibi, na ukitoa wakati wa korona, haijarudi. Wewe umeniandikia mara ngapi kwamba Wazungu hawajui kitu kidogo?

Lakini usichukulie hiyo kuwa ruhusa ya kumshikisha baunsa noti, maana mlangoni ndipo mipango yako yote itakapofia. Foleni ya hapa ni foleni ya ubalozini: unasimama saa mbili au tatu kwenye baridi, hakuna anayecheka, kila mtu anajifanya hana shida sana ya kuingia, na ukifika dirishani unatazamwa mara moja, unaambiwa hapana, na sababu huelezwi. Hata rufaa hakuna. Mwenzangu wa Mwanza, ninayepanga naye, alijaribu ukumbi mmoja ambao siutaji kwa jina. Alivaa suti. Alivaa saa. Alinukia hadi kituo cha treni. Aliyekuwa mbele yake, kijana wa fulana nyeusi iliyotoboka kwapani, kapita. Aliyekuwa nyuma yake, mzee wa sketi ya ngozi, kapita. Yeye akaonyeshwa barabara kwa kidole, kwa adabu kabisa. Njia nzima alikuwa anauliza kama ile fulana inauzwa wapi.

Maarufu kuliko zote ni Berghain. Lilikuwa jengo la mitambo ya umeme enzi za Ujerumani Mashariki, likawa ukumbi mwaka 2004, na jina lake ni mitaa miwili iliyounganishwa, Kreuzberg na Friedrichshain. Mlinzi wake wa miaka mingi, Sven Marquardt, naye ni mtu wa kusimuliwa: mzaliwa wa Berlin Mashariki, uso umejaa chale za wino, na kazi yake nyingine ni mpiga picha wa kuheshimika, mwenye vitabu na maonyesho. Yaani anayekutazama mlangoni ni mtu aliyesomea kutazama. Waziri, tajiri, mtoto wa tajiri, wote wanasimama palepale. Hapo, nakuambia kweli, mji huu niliuvulia kofia. Kwetu mtu akishuka na gari la maana hata mlango unamkimbilia.

Na ukipita, simu inabandikwa stika kwenye kamera, mbele na nyuma. Ukiibandua ukapiga picha, unatolewa nje. Kwa hiyo wale waliosema hutafika popote wataendelea kuamini hivyo. Kile ulichofanya, ulivyocheza, ulicheza na nani, unaondoka nacho kichwani. Shangazi atapumua.

Meza ya mbele sahau, mbele yenyewe hakuna. Wengi hawaketi. Bia unaifuata mwenyewe kaunta, na kila chupa ina amana: ya kawaida senti 8, ya plastiki ya kutumika mara moja na kopo senti 25, unarudishiwa ukiirudisha. Ndiyo maana barabarani utaona walevi wa hapa wamesimamisha chupa tupu kando ya pipa la taka, zimepangwa vizuri, ili waokotaji wasichafuke mikono. Mtu hawezi kutembea sawasawa lakini chupa ya mwenzake anaisimamisha sawasawa.

Muziki sasa. Ni tekno. Hakuna mwimbaji, hakuna maneno, hakuna kiitikio, na usingojee, hakiji. Dijei hamsalimii mtu, hatangazi mwenye birthdei, hamtaji mfadhili. Mwenzangu wa Mwanza, siku alipofanikiwa kwingine akiwa amevaa mkaa mtupu toka kofia hadi soksi, alinyoosha noti ya yuro tano atunze kama kwenye taarabu, akatafuta paji la uso la kuibandika, hakulipata. Dijei alikuwa ameinamia mashine zake gizani. Kila mmoja anacheza peke yake, ametazama mbele, amekunja uso, kama anafikiria kodi. Kwa mwendo wala haitutishi: singeli ya Manzese na Tandale inaiacha mbali. Na hawa wenyewe wanalijua hilo, maana tangu Nyege Nyege Tapes ya Kampala itoe albamu ya *Sounds of Sisso* mwaka 2017, wapenda muziki wa Ulaya wamekuwa wakiitafuta singeli kwa tochi. Unaweza ukavuka bahari kuja kukuta wanachezea cha mtaani kwako, na wewe umezuiwa mlangoni.

Usicheke mapema, maana hiyo tekno ina historia. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, upande wa Mashariki ulibaki na majengo matupu ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Vijana wakaingia na spika. Tresor ilifunguliwa mwaka 1991 ndani ya chumba cha hazina, chini ya ardhi, palipokuwa duka kubwa la ukoo wa Wertheim, Wayahudi ambao Wanazi waliwapokonya mali yao. Visanduku vya kuwekea vito bado vilikuwemo, vimeshika kutu. Vijana wa pande zote mbili walikutana humo na hawakuwa na mengi ya kuambiana. Muziki usio na maneno uliwafaa.

Baadaye serikali ikaingia, nawe unajua serikali ya hapa ikiingia inaingia na faili. Mwaka 2016 mahakama ya kodi iliketi kuamua kama tiketi ya Berghain ilipiwe asilimia 19 kama starehe, au asilimia 7 kama tamasha la muziki. Majaji wazima, binamu, wanapima kama watu wamekwenda kusikiliza au kurukaruka. Waliamua saba. Mwaka 2021 Bunge nalo likataka kumbi za muziki zitambuliwe kuwa mahali pa utamaduni, maana katika sheria ya ujenzi zilikuwa kundi moja na kamari na madanguro. Na mwaka 2024 tekno ya Berlin ikaingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni ya UNESCO Ujerumani. Shangazi aliyekuwa anakukimbiza na mwiko kwa kurudi alfajiri, mwambie ulikuwa unahifadhi urithi.

Heshima hiyo haijapunguza kodi ya pango. Ukumbi wa Watergate, kando ya mto Spree, ulifunga mwisho wa 2024 baada ya miaka ishirini na ushei. Na si kodi tu: watu wanahamia mtaani kwa sababu una uhai, wanajengewa ghorofa, kisha wanawashtaki wenye uhai. Serikali ya mji ilibidi itenge yuro milioni moja kusaidia kumbi kuziba sauti zao. Yule mama wangu wa ugali, nadhani, angezimaliza hela zote peke yake.

Kama suti huwezi kabisa kuachana nayo, ipo Clärchens Ballhaus, tangu 1913, ghorofani ukumbi wa vioo vilivyopasuka, mahali ambapo watu wamecheza wawiliwawili kabla ya vita vyote viwili vya dunia na baada yake. Huko viatu vya ncha vinaeleweka. Ukichoka na Wazungu, nenda YAAM, karibu na stesheni ya Ostbahnhof: mchanga, mto, rege, chakula cha Kiafrika, na watu wanaozungumza kwa sauti yao ya kawaida.

Mwisho, usikate tiketi ya ndege ya wiki ya Pasaka. Ijumaa Kuu, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa tatu usiku, dansi mjini Berlin ni marufuku kisheria. Na shangazi akikupa dagaa uniletee, wafunge mara tatu. Mama wa chini ana pua pia.

Wako,
Binamu