Jinsi ya Kutoa Toleo Jipya na Bado Ukalala Mapema

Kwanza, mpokonyeni fundi wenu kazi. Kila mradi wa programu huria una yule mmoja anayejua kufunga vifurushi, na usiku wa kutoa toleo simu zote zinamlilia yeye. Mpendeni, mpeni chai, lakini anayoyajua yaandikwe kwenye mfumo unaojenga programu. Akienda harusini kwao, toleo litoke bila yeye.

Wenye CMake wamerahisishiwa. Ongeza CPack mwishoni mwa CMakeLists.txt, taja mwasiliani wa mradi na aina za vifurushi unazotaka, na utapata kifurushi cha Debian, cha RPM na faili la tar. Washa CPACK_DEBIAN_PACKAGE_SHLIBDEPS ili maktaba tegemezi zisomwe kutoka kwenye programu yenyewe, maana orodha ya kukumbuka kichwani lazima isahau moja. Namba ya toleo ikae mahali pamoja tu, ndani ya project().

Wa Debian, acheni kuandika debian/changelog kwa mkono. Kati ya barua pepe na tarehe zinatakiwa nafasi mbili, si moja, na saa nane usiku hakuna jicho linaloona nafasi iliyopungua. Amri ya dch huziweka zote mbili hata ukiwa unasinzia.

Kisha pima kifurushi chenyewe, si msimbo peke yake. Automake ina make distcheck: hufungua faili la tar upya, huzuia chanzo kisiandikike, hujenga, hujaribu, husakinisha, huondoa, halafu hutazama kama kuna faili lililosazwa. Nani ana subira hiyo kila toleo? Mashine inayo.

Hapa sasa tusikimbie. Machi 2024 msanidi programu Andres Freund alishangaa kwa nini kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Alipofuatilia akakuta mlango wa uani umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Kiwashio chake, build-to-host.m4 iliyochezewa, kilikuwa kwenye faili la tar walilopewa watu. Kwenye Git hakikuwamo. Waliokagua Git peke yake wasingekiona. Ndiyo maana nasisitiza: pasiwe na mkono wa mtu, hata wa rafiki, kati ya lebo ya Git na kifurushi.

Kwa hiyo lebo ikisukumwa, seva ijenge yenyewe katika mazingira safi. Weka SOURCE_DATE_EPOCH iwe wakati wa komiti ya mwisho, ili saa ya mashine isiingie ndani ya mafaili. Mwombe mwenzako wa mji mwingine ajenge lebo hiyohiyo kwa zana za matoleo yaleyale, kisha linganisheni sha256. Zikilingana, chapisha, nenda kalale. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usichapishe: endesha diffoscope juu ya vifurushi vyote viwili, ikuonyeshe ni faili gani na ni baiti zipi.